Imelipwa kwa Nani? Safari ya Kasulu hadi Kibondo na Maana ya Maneno Tunayoyazoea



Ndugu msomaji, katika kabati la ofisi ya msikiti wetu hapa Kasulu kuna daftari kubwa lenye jalada jeusi, ambamo zimeandikwa ndoa zote zilizofungwa mbele yetu. Mimi ndiye ninayeliandika, tangu kamati iliponikabidhi ukatibu nikiwa na miaka michache tu tangu nitoke chuoni. Kila ukurasa una mstari wa mahari, na katika mstari huo nilizoea kuandika kiasi kilichotajwa na mbele yake neno moja: imelipwa. Sikuwahi kulifikiri neno hilo. Kwangu lilikuwa kama nukta ya mwisho wa sentensi.

Mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, alikuja ofisini binti mmoja akiongozana na shangazi yake. Ndoa yake niliiandika mimi mwenyewe, miaka minne nyuma. Kwa muda wa miaka miwili mumewe alikuwa hampi chakula wala mavazi, na mara nyingi alikuwa hajulikani alipo. Wazee walikwisha kusuluhisha mara tatu. Safari hii alikuja kuomba khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kumrudishia mume alichompa. Mume akaitwa, naye akajibu mbele ya wazee bila kupandisha sauti: “Mimi sina kinyongo. Nirudishiwe mahari yangu, laki nane, aende zake kwa amani.”

Wazee wakaagiza daftari. Nikasoma kwa sauti: mahari shilingi 800,000, imelipwa. Sahihi yangu ilikuwa chini yake. Binti alikuwa ameinamisha macho muda wote. Akainua uso kidogo, akasema, “Samahani, ustadhi. Imelipwa kwa nani?”

Hakuna aliyejibu. Sote mle ndani tulilijua jibu, nalo halikuwamo daftarini. Fedha zile alizipokea baba yake, akaondoka nazo kwenda kijijini, wilaya ya Kibondo. Binti hakuzitia machoni. Sasa alikuwa akidaiwa kitu ambacho hajawahi kukishika, na ushahidi uliokuwa ukimfunga ni mwandiko wangu.

Kamati ikaamua kwamba watu wawili waende kwa mzazi huyo. Nilichaguliwa mimi, pamoja na mjumbe mmoja mwenye umri upatao miaka sabini, mwenyeji wa Kibondo, anayekijua Kiha kwa mapana na marefu. Mimi ni mtu wa Ujiji. Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya, na Kiha changu kinaishia kwenye salamu. Safari hiyo ndiyo ninayopenda kuwasimulia, kwa sababu niliyojifunza njiani yalihusu maneno ambayo sisi sote huyatamka kila siku bila kuyatazama.

Barabara ya milimani

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati ambapo baridi ya nyanda hizi hupenya hata kwenye koti. Mgeni atokaye Kigoma mjini, kule ziwani kwenye joto na michikichi, hushangaa akifika Kasulu na kuona watu wamejifunika mablanketi mabegani. Ukungu huwa umelala mabondeni, na juu yake vilele vya vilima vyenye migomba vinaonekana kama visiwa. Maharage yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Kila ua tuliloupita kulikuwa na turubai limetandazwa, na juu yake maganda makavu yakisubiri kupigwa fimbo.

Basi lilipofika Makere, abiria kadhaa walishuka. Huku ndiko iliko njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, na baadaye ikawapokea Warundi pia. Mbele zaidi, upande wa Kibondo, ndiko kambi ya Nduta ilikofunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka tena mpaka. Mzee wangu aliteremsha kioo akasalimiana na kijana mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Wakazungumza kwa kicheko kama watu wa ukoo mmoja. Nilimuuliza kama anamfahamu.

“Simfahamu,” akasema. “Ni Mrundi. Lakini Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Tunaelewana kila kitu, isipokuwa yeye anaitwa mkimbizi na mimi naitwa mwenyeji.”

Nikalitazama neno hilo. Kukimbia ni tendo la siku moja. Mtu hukimbia, akafika, akapumzika. Lakini tukishamwita mtu mkimbizi, tendo lile la siku moja huwa jina lake la maisha yote, hata la mtoto wake aliyezaliwa kambini ambaye hajakimbia kutoka popote. Jina hilo lina mipaka yake pia, kwa maana mwenye nalo haruhusiwi kutoka nje ya kambi bila kibali. Katika dini yetu Masahaba waliotoka Makka kwa ajili ya imani yao waliitwa Muhajirina, nalo likawa jina la heshima. Waliowapokea Madina waliitwa Ansari, yaani wenye kunusuru. Hali ya kuhama ni ileile. Kilichoyatofautisha majina hayo mawili ni jinsi mwenyeji alivyomtazama mgeni wake.

Hongo na kipande

Tulivuka mto Malagarasi, ambao huzunguka kwa mbali sana katika nyanda na mabwawa kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Mzee wangu akaniambia kwamba zamani hakuna aliyekatiza nchi ya Waha bure. Buha ilikuwa na himaya zake kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, na kila himaya ilikuwa na mwami wake. Misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipopita, ilitakiwa kutoa nguo na shanga. Malipo hayo yaliitwa hongo. Mwaka 1871 Henry Stanley, akiwa njiani kwenda kumtafuta Livingstone Ujiji, alitozwa hongo kubwa katika nchi ya Uha, na ameeleza katika kitabu chake jinsi alivyolazimika kuupenyeza msafara wake usiku ili asitozwe tena.

Hongo ya wakati ule haikuwa siri wala dhambi. Ilikuwa haki ya mwenye nchi, inayotolewa mchana mbele za watu, kama ushuru. Leo neno ni lilelile, lakini anayepokea hongo hujificha. Mitaani limeshuka zaidi, kwani vijana husema “kumhonga” msichana, wakimaanisha kumpa zawadi ili avutike kwenye yasiyo halali. Neno moja limetoka kwenye kiti cha mwami, likaingia ofisini kwa mlango wa nyuma, likaishia uchochoroni. Nilijiuliza kama neno mahari nalo halijasafiri namna hiyo bila sisi kujua.

“Unajua manamba?” Mzee akaniuliza.

Nilijua kiasi. Wakati wa Waingereza mkoa wa Kigoma haukupewa mashamba makubwa wala viwanda. Ulikuwa kisima cha kuchota nguvu kazi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha zilikuwa kwenye mkonge, mamia ya kilomita kutoka hapa, Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo walisombwa kwa maelfu. Walipoandikishwa walipewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Mtu aliyeondoka kwao akiwa na jina la baba na la babu, akifika huko aliitwa kwa tarakimu.

“Baba yangu alikuwa manamba,” Mzee akasema. “Hata huyu tunayemwendea, baba yake alikuwa manamba. Walisafiri pamoja. Walikuwa na kadi, inaitwa kipande. Ukikata kazi siku moja unawekewa alama moja. Mpaka zitimie alama thelathini, ndipo kipande kimekwisha na unapewa mshahara. Ukiumwa, siku haihesabiwi. Baba alikuwa akisema kwamba wengine walizeeka kwenye kipande kimoja.”

“Na walikwenda kwa ajili ya kodi tu?”

“Kodi, na kuoa. Kijana asiye na ng'ombe angeoa na nini? Warundi wanasema inkwano, na sisi hatuko mbali nao. Baba wa huyu mzee alikata mkonge Tanga ili apate mahari ya mama yake. Alirudi na baiskeli, na dini pia. Alisilimu kulekule. Kwa hiyo tukifika, katibu, usianze na aya. Anza na kusikiliza.”

Ninakiri kwamba maneno hayo yalinichoma kidogo. Nilikuwa nimeandaa aya, hadithi na kauli za wanazuoni, nimezipanga katika karatasi kama hotuba ya Ijumaa.

Ng'ombe afungaye mtu

Kibondo ni mji uliotulia, wenye upepo mzuri na soko lililojaa maharage, mihogo mikavu, ndizi na asali. Tuliswali adhuhuri hapo, kisha tukapanda bodaboda mbili kuelekea kijijini. Udongo mwekundu wa kiangazi ulitupaka hadi kwenye kope.

Tulipofika, Mzee aliita kutoka uani: “Mwidiwe!” Tukaitikiwa, tukakaribishwa, tukanawishwa mikono. Tuliletewa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Hakuna aliyeuliza tumefuata nini mpaka tulipomaliza kula. Mwenyeji wetu alikuwa mtu wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwenye kofia safi na mikono iliyokakamaa kwa jembe. Mkewe aliketi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, akichambua maharage katika ungo.

Tulisikiliza, kama nilivyoagizwa. Mwenyeji wetu alisema anajua tulilolifuata, maana habari husafiri upesi kuliko basi. Akasema hakuiba mahari ya binti yake. Laki nane zile alizitoa, pamoja na nyongeza yake mwenyewe, kumwozea kaka wa binti huyo. Mke wa kaka yupo, na watoto wawili wapo. “Mahari si bei,” akasema. “Mahari ni heshima ya ukoo. Baba alikata mkonge akamwoa mama. Dada zangu wakaolewa, ng'ombe wao wakanioa mimi. Binti yangu ameolewa, fedha yake imemwoa kaka yake. Nikizirudisha leo, nitazitoa wapi? Nikamvunje mwanangu nyumba?”

Mzee wangu alitikisa kichwa taratibu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hili lina mizizi ya zamani. Katika Buha ya kale palikuwa na desturi iliyoitwa ubugabire. Mwenye mifugo humpa mwenziwe ng'ombe, na aliyepokea huwa mtu wake, mwenye kumtumikia na kumfuata. Kutoa kulikuwa ni kufunga. Ng'ombe aliyeingia uani kwako aliingia na kamba, ingawa kamba yenyewe haionekani.

Ndipo nikaelewa kile kilichonitatiza tangu ofisini. Neno mahari tumelipokea kutoka Kiarabu, lakini tumelivika juu ya jambo lililokuwapo kabla yake. Katika sheria yetu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Surat An-Nisaa, aya ya nne, inaamuru wanawake wapewe mahari zao, na neno lililotumika hapo, nihla, lina maana ya hidaya itolewayo kwa moyo mkunjufu. Hapewi baba, hapewi kaka, wala hapewi ukoo. Lakini desturi ilikuwa inajua jambo jingine: mali inayotoka ukoo mmoja kwenda ukoo mwingine, na inayomfunga mwanamke mahali alipopelekwa. Mambo haya mawili yamevaa jina moja. Imamu anapotamka mahari ana maana yake, baba anapoitikia ana maana yake, na bibi arusi aliye katikati hajaulizwa anafahamu nini. Kisha katibu anaandika: imelipwa.

Hata kitenzi hicho kina lake la kusema. Hatusemi hidaya “imelipwa”. Kinacholipwa ni deni, au bei. Tukisikiliza lugha ya vijana wetu, “nimemlipia yule” ni kauli ya kawaida kabisa, na aliyelipia huona amenunua. Mwanaume huoa, mwanamke huolewa, na sarufi imekwisha kupanga nani atende na nani atendwe. Lakini Kiswahili hichohicho kina neno kuoana, ambalo linawapa wote wawili tendo. Tumelipata katika lugha, na tungeweza kulitumia mara nyingi zaidi.

Neno kula

Ilipofika zamu yangu niliiacha karatasi mfukoni. Nikasema, “Mzee wangu, kabla sijasema la dini nina la kwangu. Kosa la kwanza katika jambo hili ni la kalamu yangu. Mimi niliandika kwamba mahari imelipwa bila kuuliza nani amepokea. Laiti ningeuliza siku ile, tusingekuwa hapa leo. Kwa hilo ninakuomba radhi wewe, na nimekwisha kumwomba radhi binti yako.”

Akanitazama, akasema, “Hapana, ustadhi. Wewe uliandika tu. Mimi ndiye niliyekula.”

Hakujua alichonifungulia. Nikamwambia kwamba Mwenyezi Mungu naye ametumia neno hilohilo. Katika aya ileile, baada ya kuamuru wanawake wapewe mahari zao, anaruhusu kula. Lakini ameweka sharti, nalo ni kwamba mwanamke mwenyewe aachilie sehemu ya mahari kwa kuridhika nafsi yake. Hapo ndipo inapokuwa chakula halali, kishukacho kwa raha. Mzee wangu akaifasiri kwa Kiha, polepole, akirudia neno la kuridhika mara mbili.

Nikauliza, “Je, siku ile ulimuuliza?”

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Alikuwapo. Alinyamaza. Nikajua ameridhika.”

Ndugu msomaji, hapa pana jambo linalotuhusu sote. Tumepokea katika mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba idhini ya mwanamwali katika kuolewa inaweza kuwa kunyamaza kwake, kwa sababu ya haya. Lakini haya si aibu. Maneno haya tunayachanganya kila siku majumbani. Haya, wanazuoni wanasema, ina mzizi mmoja na hayati, yaani uhai. Ni uhai wa moyo unaomzuia mtu na ovu hata akiwa peke yake. Aibu ni doa, kile tunachoogopa watu wasikione. Na tunalo la tatu, stara, ambalo ni kumfunika mwenzako asidhalilike. Mtu mwenye haya aweza kusema ukweli kwa upole. Mtu aliyetiwa aibu hunyamaza kwa woga. Tukimwambia binti kila siku kwamba kuuliza ni aibu, siku ya arusi yake atanyamaza, nasi tutaupokea woga wake kwa jina la haya. Isitoshe, kunyamaza kule kumetajwa katika kuolewa. Hatukuambiwa kwamba kunyamaza kwake ni ruhusa ya kuchukua mali yake.

Nilikuwa bado natafuta namna ya kuyasema haya bila kumvunjia heshima mwenyeji wetu, pale sauti ilipotoka mlangoni mwa jikoni. Mama yake binti alikuwa ameuweka ungo chini.

“Hakunyamaza,” akasema. “Usiku ule aliniuliza: mama, na mimi nina changu? Nikamwambia, nyamaza, ni aibu. Mimi ndiye niliyemnyamazisha.”

Mumewe akageuka kumtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari hiyo. Hakuna aliyezungumza kwa muda mrefu, mpaka Mzee wangu alipoanza kusimulia, kana kwamba anabadili mazungumzo, habari za Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru katika miaka ya mwisho ya Waingereza. “Wazee wetu walimpigia magoti mwanamke,” akasema, “nasi tunashindwa kumwachia binti fedha zake.” Mwenyeji wetu akacheka, cheko fupi la mtu aliyeshindwa hoja nyumbani kwake mwenyewe.

Karatasi ya tatu

Nikamsimulia kisa cha mke wa Thabit bin Qays, aliyemwendea Mtume akitaka kuachana na mumewe ingawa hakumlaumu kwa dini wala tabia. Akaulizwa kama atamrudishia bustani aliyompa, akakubali, na wakaachana. Tunakisoma kisa hiki katika mlango wa khului na kupita. Lakini tazama, mwanamke yule aliweza kurudisha bustani kwa sababu bustani ilikuwa mkononi mwake. Mlango ambao sheria imemwachia mwanamke una ufunguo, na ufunguo wenyewe ni mahari. Anayechukua mahari ya binti yake bila radhi yake amechukua ufunguo wa mlango huo.

Mwenyeji wetu hakuwa na laki nane, wala hatukutaka aivunje nyumba ya mwanawe. Baada ya swala ya magharibi, chini ya taa ya sola, niliandika alichokisema mwenyewe: kwamba mahari ile ilikuwa mali ya binti yake, kwamba aliitumia bila kumwuliza, na kwamba ni deni juu yake atakalolilipa kidogo kidogo akianza na maharage yaliyokuwa ghalani. Akatia dole gumba. Mkewe akasema naye anataka kuweka lake. Kaka wa binti, aliyefika jioni ile kutoka shambani, akaandika jina lake chini yao, akasema kwamba nusu ya deni ni lake kwa sababu mke ni wake.

Juma lililofuata zililetwa laki nne Kasulu, nikamkabidhi binti mbele ya wazee, akazihesabu kwa mkono wake. Mume alipoitwa tena, wazee walimkumbusha kwamba naye anadaiwa matumizi ya mke ya miaka miwili. Alitafakari usiku mmoja, akarudi akakubali kupokea laki mbili, na khului ikapita kwa maneno mazuri. Laki mbili zilizobaki binti amezitia katika cherehani, na wateja wake wa kwanza walikuwa kinamama wa msikiti wetu. Baba yake amekwisha kuleta laki moja na nusu nyingine. Kila akija hupitia kwanza ofisini, huniuliza, “Katibu, daftari linasemaje?” Ninamwonyesha, tunacheka, kisha anakwenda kwa binti yake kunywa chai.

Sisemi kwamba kila jambo limepona. Mama yake bado analia akikumbuka. Nami kuna kurasa nyingi katika daftari lile jeusi zenye neno lilelile na mwandiko uleule, na sijui ni mabinti wangapi waliobeba deni la kitu wasichokiona.

Hata hivyo daftari limebadilika. Neno “imelipwa” tumeliondoa. Badala yake pana mistari miwili: “Kilichotolewa” na “Aliyepokea”, na mbele ya mstari wa pili ni sahihi ya bibi arusi mwenyewe. Ndoa ya kwanza kufungwa kwa utaratibu huu, mzee mmoja alinong'ona kwamba tunamtia aibu mtoto wa watu. Imamu akampelekea bibi arusi daftari huko alikokaa na wanawake wenziwe. Lilichukua muda kurudi. Lilipokuja lilikuwa na jina lake, limeandikwa kwa herufi kubwa za taratibu, pamoja na ujumbe aliokuja nao shangazi: bibi arusi ameandika, na sasa anaomba bahasha yake. Baba yake aliipapasa kwenye mfuko wa kanzu, akaitoa, akampa shangazi aipeleke.

Wazazi wenzangu na ndugu zangu mnaoandika daftari za misikiti, ninawaomba jambo moja jepesi. Kabla ya siku ya ndoa, kaeni na binti yenu nyumbani, mumweleze kwa lugha yake, iwe Kiha, Kimanyema au Kiswahili, neno mahari lina maana gani na ni la nani. Mwacheni aulize. Akiwa radhi kuwapa sehemu yake, kuleni kwa raha, maana Mola wenu ameruhusu. Lakini msile kimya chake.

Wabillahi tawfiq.